Jani Lililokosa Tawi

Binti yangu alikuwa amelala kwa machela, jasho limemjaa shingoni, na daktari alikuwa ameniuliza swali ambalo sikuweza kujibu. Ni dawa gani ilitaka kumuua alipozaa mara ya kwanza?

Nilikuwepo hiyo mara ya kwanza. Hospitali ni hiyo hiyo, hapa Nakuru mjini. Alipasuliwa, mtoto akatoka salama, halafu alipoletwa wodini uso ukaanza kuvimba. Midomo ikafura, pumzi ikawa inapiga filimbi. Nilipiga kelele hadi wakaja mbio. Siku hiyo alikuwa amedungwa sindano nyingi. Walimwokoa, baadaye wakajua ni ipi, na nesi mmoja akaniambia, "Mama, tumeiweka kwa kompyuta. Akija tena wataiona." Nikaamini. Jina la dawa sikulishika, wala yeye hakulishika. Niliacha shule darasa la tatu, na hayo majina hata wenye kusoma yanawashinda. Karatasi tuliyopewa ililowa mvua ilipoingia nyumbani kwake Kaptembwo, ikawa uji.

Sasa mimba ya pili. Mtoto amekaa vibaya, moyo wake unapiga polepole, lazima apasuliwe tena. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi.

"Mama, naweza kuepuka hii nimpe ile, kumbe ile ndiyo yenyewe," aliniambia. "Nenda rekodi wakufungulie faili yake. Mimi naendelea kumtayarisha. Lakini mtoto amechoka, siwezi kungoja sana."

Nilienda. Kijana wa rekodi akaandika nambari ya kitambulisho cha binti yangu, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Hayuko, mathe."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hajawahi kutibiwa hapa. Nimwandikishe upya?"

"Upya vipi? Alizalia hapa. Kovu analo tumboni."

"Mathe, mashine haisomi kovu."

Watu wa foleni wakacheka. Nilimuuliza hiyo faili mpya itasema nini mahali pa dawa zinazomdhuru. Akageuza kioo cha kompyuta nione. Palikuwa peupe. Basi hapo ndipo uoga ulinishika kabisa, kwa sababu daktari angefungua hiyo faili, aone peupe, adhani hakuna hatari. Nikamwambia siondoki, aite hata askari. Sikuwa shujaa. Niliing'ang'ania ile kaunta kwa mikono miwili.

Kijana akaona afadhali aite fundi wao wa kompyuta. Alikuja msichana mwenye kilemba, kikombe cha chai mkononi. Akaandika nambari mwenyewe. Hayuko. Akaandika nambari iliyo nyuma yake kidogo. Mtu akatokea. Ya mbele kidogo. Hakuna. Ya mbele zaidi. Hakuna. Akaweka chai chini.

"Shosho, stima ilipotea hapa wiki jana, taa zote zikazima," akasema, akiniita kama bibi yake. "Nafikiri najua kilichotokea."

"Faili imepotea?"

"Faili iko. Njia ya kuifikia ndiyo haipo."

"Nieleze. Usinikalishe hapa kama gunia."

Alinieleza huku vidole vinakimbia. Alisema ndani ya mashine kuna mti uliopandwa kichwa chini, mzizi juu, majani chini. Ukileta nambari, mzizi unakuuliza: ni ndogo kuliko hii ama ni kubwa? Unateremka tawi moja. Hilo nalo linakuuliza vile vile. Maswali machache tu na umefika kwa jani, na jani linakwambia faili imewekwa wapi. Ndiyo maana hawahangaiki kupekua zote.

"Mti wa aina gani huo? Unazaa?"

"Leo umezaa shida, shosho."

Jani likijaa, akasema, linagawanywa mawili, na tawi la juu linaambiwa kuna jani jipya. Wiki jana jani moja lilikuwa linagawanyika na stima ikapotea katikati. Nusu ya nambari zikahamia jani jipya, lakini tawi halikuambiwa. Kila anayeteremka anapelekwa kwa jani la zamani, anakosa, anarudi kusema hakuna.

"Sasa utafanya nini?"

"Majani yameshikana mikono huko chini. Sitaanzia juu. Nitaanzia jani la kwanza kabisa, nitembee moja moja hadi nimpate."

"Ni mengi?"

Akabonyeza. Kioo kilianza kuteremsha nambari, na mimi nikaanza kuomba, maneno yakawa yananikatikia njiani. Nilikuwa nikiona midomo yake ile iliyofura. Kijana wa rekodi hakuwa anacheka tena. Nesi akaja mlangoni.

"Mama, daktari anauliza."

"Mwambie bado."

"Anasema anaingia thieta kumpasua."

"Mwambie bado!"

Nesi akaondoka. Niliona aibu kumfokea mtoto wa watu, lakini ningefanya nini? Nambari zikateremka, zikateremka, halafu msichana akagonga meza. Jina la binti yangu lilikuwa hapo. Akalifungua. Dawa ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Niandikie hapa," nikamwambia, nikavuta mkono wa sweta.

"Shosho, nitampigia daktari simu."

"Piga. Na uniandikie."

Akaandika kwa kalamu ya wino kwenye ngozi yangu, herufi kubwa kubwa, huku kijana wa rekodi akipiga simu ya thieta isiyopokelewa. Nilikimbia. Umri huu, nilikimbia. Mlango wa thieta nilibisha kwa ngumi hadi nesi akatoa kichwa, nikamwonyesha mkono. Akausoma. Akarudi ndani, na kabla mlango haujajifunga nilimwona akitoa sindano moja kwa trei na kuiweka kando.

Walimtoa jua likiwa limeinama. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, uso ni wake, midomo ni yake. Mtoto ni msichana. Niliushika uso wa binti yangu nikaupapasa wote kama kipofu, akaniambia, "Mum, wacha, unaniumiza." Nikamwacha.

Nilirudi rekodi kumshukuru yule fundi. Nilimkuta na simu sikioni. Alikuwa amelitoa lile jani lote kwenye karatasi, majina na simu zao, na nilipotazama ile miaka ya kuzaliwa nikaona wote ni rika la binti yangu, waliochukua vitambulisho msimu mmoja naye. Wengine walikuwa wamefika hapo wiki hiyo, wakaambiwa hawako, wakaandikishwa upya na faili nyeupe, wakaenda nyumbani na dawa. Mti alikuwa ameshautengeneza, kila nambari sasa inapatikana. Waliobaki kuonywa ni watu wenyewe, na alikuwa anawapigia mmoja mmoja.

"Wote wamepokea?"

"Isipokuwa mmoja, shosho. Ana ugonjwa wa moyo. Alichukua dawa jana, na hazifai kwake."

Akaniwekea simu kwa sauti nisikie. Iliita hadi ikakatika. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, maana zamu yake ilikuwa imeisha.

Nilivuta kiti nikakaa kando yake.

"Piga tena," nikamwambia.