Majani Aliyoyaacha Mama

Laiti ningemkatalia kaka yangu aliponipa kiberiti. Asubuhi hii jirani anachoma majani hapa mtaani Kikula, na moshi wake umenirudisha mlimani nilikokulia.

Mama alikuwa na shamba la miparachichi kwenye mteremko. Kati ya mistari ya miti aliacha majani marefu, ili mvua isiuchukue udongo. Majirani walimwita mvivu. Panya wa kuliwa walijificha humo, na moto huwatoa upesi.

"Mama alikatazaka," nilimwambia kaka siku ile.

"Weye uko muoga. Leo tutakula nyama ao majani?" alinijibu.

Nikawasha. Tulipata panya wanono, tukawabanika papo hapo, mafuta yakidondoka kwenye majivu. Mama alipofika hakutupiga. Alitazama mteremko mweusi, akasema, "Mvula iko karibu, mutoto wangu."

Ilikuja kabla majani hayajaota. Udongo mwekundu uliteremka hadi mtoni, mizizi ikabaki nje. Misimu iliyofuata miti ilianguka mmoja mmoja. Leo pale ni korongo tupu. Kwa ajili ya panya wale mama alikufa bila shamba, nami sina hata kipande cha ardhi cha kuwaachia wanangu.