Mama mkwe chini ya gari

Jua halijapata nguvu, na Mama Springi tayari ana grisi hadi viwikoni. Analiegemea gari dogo jeupe juu ya gurudumu la mbele, analikandamiza kwa uzito wake wote, kisha analiachia. Halidundi hata kidogo.

"Mafundi wenzangu wakiona hivi hufurahi," anasema. "Mimi ndiyo kwanza roho inanidunda."

Gari ni la mkwewe, mume wa bintiye wa pekee. Kesho ndilo litakalomleta binti huyo, mwenye mimba ya miezi minane, ajifungulie kwa mama yake. Njia yenyewe ni mashimo matupu.

Mkwe amesimama mbali, kwenye rundo la matairi chakavu, macho pembeni. Mama mkwe alale chali chini ya gari lake, miguu nje, naye anatazama? Wee! Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka kwa fundi mwingine wiki iliyopita. Fundi huyo alilikandamiza gari, likatulia tuli, akasema shokapu, vile vyuma vya kutuliza mdundo, ni nzima.

"Mama, inatosha," anaomba. "Yule fundi kalipitisha."

Mama Springi anachuchumaa kando ya gurudumu. Miaka kumi na tisa ya kazi hii imemzoesha kuuliza mkono kabla ya macho. Anapitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto, polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Limelika kwa mabaka, bonde na kilima, bonde na kilima.

"Shokapu iliyochoka hulidundisha gari, kila mtu anajua hilo," anaeleza. "Hii imekwama. Haishuki wala haipandi. Kila shimo linampiga aliyekaa ndani. Na kesho atakayekaa ni nani, baba?"

Kijana anainamisha kichwa.

"Usidhani sina haya," mama anaendelea, sauti imepungua. "Ninayo tele. Ila mwanangu namwogopea zaidi."

Anachukua kipande cha boksi, anakitandika chini. Kabla hajapiga goti, mkwe anakuja mbio na kumpokonya.

"Nielekeze tu, mama. Naingia mimi."

Anajitosa na shati lake la kazini. Mama anachutama pembeni, anamulika na tochi. "Tazama ile fimbo ya chuma inayong'aa, inayoingia kwenye shokapu. Imenyooka?"

Mkwe anaipapasa.

"Imepinda, mama. Na kuna mafuta yameganda na vumbi."

"Basi zinatoka zote mbili za mbele. Ukibadilisha moja, gari litavuta upande."

Mama Springi anapanga kuchimba shimo la kukagulia magari, la saruji, lenye ngazi. Mafundi wengine hulitaka ili kuupumzisha mgongo. "Mimi nataka nifanye kazi nimesimama," anasema, "ili mkwe wangu asinikimbie tena."

Kutoka chini ya gari inasikika sauti ya mkwe, simu sikioni.

"Mke wangu, usifunge mizigo. Tutasafiri siku mama akisema."