Kibuyu cha Jumatatu

Niseme tu ukweli: sikuwa naipenda Ijumaa, na nilikuwa nimechoka kujifanya. Katika ofisi yetu ya kiwanda cha majani chai, juu kidogo ya Litein, ikifika Ijumaa mchana watu walianza kufunga droo. "Furahidei!" alipaza sauti yule wa mishahara, utadhani ametolewa jela. Huyu ana ng'ombe wa kukamua, yule ana wachuma chai wa kusimamia, mwingine ana bibi. Jioni nilibaki na mlinzi wa geti, na mlinzi hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mimi natoka upande wa ziwani. Tulipomzika mama yangu, nyumba yake ilitiwa kufuli, na tangu hapo sikuwa na kwingine ila chumba cha kupanga nyuma ya soko. Jumamosi nilifua. Jumapili nilienda kanisani, nikapewa mkono na watu wasiojua ninalala wapi, kisha nikarudi kusikiliza mvua kwenye mabati. Kuna wikendi zilizopita bila mimi kusema neno zaidi ya "Amina".

Kwa hiyo Jumatatu, wenzangu walipoingia wamenuna, mimi nilikuwa nimefika zamani, nimepanguza meza, natabasamu. Waliniona mwendawazimu. Hawakujua nasubiri kibuyu.

Kilikuwa cha mama mmoja wa makamo, mwenyeji, tuliyekaa naye meza moja. Kila Jumatatu alikuja nacho kutoka kwake kimejaa mursik, yale maziwa yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yakatoka ya kijivu yakinukia moshi. Kikombe changu alikijaza kwanza.

"Kunywa, wewe umekonda," alisema, kila wiki vilevile. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiangalia kama nimekonda. Ijumaa alirudi nacho nyumbani kikajazwe tena.

Ijumaa moja mvua ilimkimbiza, akakisahau mezani. Nilifurahi mno. Nikaona nimepata njia ya kumrudishia wema wake. Nikakibeba hadi chumbani, nikachemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikasugua ndani mpaka weusi wote ukatoka. Jumamosi kilikauka dirishani, nami nikawa nakigeuzageuza. Ilikuwa wikendi nzuri kuliko nyingi.

Jumatatu nikampa. Akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena.

"Umeosha na sabuni?"

"Ndio, mama. Ilikuwa imejaa weusi."

"Woi! Si hiyo weusi ndio inalinda maziwa? Hii sasa haiwezi tumika tena. Maziwa itanuka sabuni mpaka tuzeeke!"

Ofisi nzima ilicheka hadi machozi. Nami nilicheka, ningefanyaje? Lakini kikombe changu kilishinda kitupu, na nikaelewa kwamba nimejinyang'anya Jumatatu kwa mikono yangu mwenyewe. Wiki hiyo niligombana na kila mtu, hata na mashine ya kuchapa.

Ijumaa ikafika. "Furahidei!" ikapigwa. Sikuinua kichwa. Yule mama alikuwa ameshafunga kitambaa na kubeba mkoba, lakini akasimama mlangoni.

"Wewe wikendi unakaa na nani?"

Nilitaka kumchekesha. "Na kibuyu chako," nikasema, na sauti ikakatika.

Hakucheka. Alirudi mezani, akazima kompyuta yangu yeye mwenyewe.

"Umeniharibia kibuyu, kwa hivyo utakuja tutengeneze ingine. Pitia kwako uchukue sweta. Kwetu kuna baridi."

Sweta niliipata mara moja. Kilichonichelewesha ni begi. Nilipekua chumba kizima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, yeye akiningoja nje kwenye matope, na begi sikuliona, maana sikuwahi kulihitaji siku ya Ijumaa. Mwishowe nikatia nguo zangu kwenye mfuko wa sokoni, nikafunga mlango.