Nyusi za Fundi Vaghinak

Hapa Gyumri, mji wetu wa Armenia, kila mtu huitwa fundi, hata asiyejua kupigilia msumari. Lakini Vaghinak, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa fundi kwelikweli, nami ninayesema haya nilimnunia miaka thelathini na moja.

Baba yake alishona viatu. Utotoni padri alimtoa Vaghinak kwenye waimbaji wa kanisa kwa sababu sauti yake ilikwaruza kama mlango wa banda. Akaenda mji mkuu, Yerevan, kusomea kuwaongoza wenye sauti, akarudi, akaunda kwaya na sisi wafuma soksi wa kiwandani. Mimi alinipa dam: sauti moja ya chini, unaishikilia bila kuyumba, wenzako wakipanda na kushuka juu yake. Mke wangu aliwaambia majirani, "Arshavir wangu anaimba kama friji."

Kila mazoezi nilimkumbusha. "Fundi, lini na mimi nitaimba wimbo?"

"Arshavir jan, mpendwa wangu, maumivu yako yanipate mimi. Wewe ni msingi. Umeona wapi msingi unadai kukaa darini?"

Tetemeko la ardhi lilipobomoa ukumbi, tulifanyia mazoezi kwenye kontena la bati alimoishi na mkewe, Siranush. Akinyanyua mikono anagonga bati la juu, na Siranush anakwenda kufungua mlango akidhani ni wageni. Basi akatuongoza kwa nyusi. Unyusi wa kulia ni wanawake, wa kushoto wanaume, zote mbili zikipanda tunanyamaza. Tulipopata ukumbi mpya, mikono ilikuwa imeshazoea kulala. Watazamaji waliona mgongo tu.

"Huyu analipwa kwa kusimama?" waliulizana.

Siku ya kustaafu kwake ukumbi ulijaa. Kabla ya wimbo wa mwisho, ule wa wavuna shayiri ambao kila mtu mjini anaujua, akaninong'oneza, "Huu wako. Nimekuchelewesha, nisamehe."

Wimbo huo nilikuwa nimeuimba moyoni tangu nina nywele. Nikasogea mbele, nyusi zikaniruhusu, nikafungua kinywa. Ikatoka dam.

Nikajaribu kupanda. Dam. Sauti ilikuwa imeota mizizi. Nikatamani ardhi inimeze, na mtu wa Gyumri hasemi hivyo kwa mzaha.

Fundi akanitazama. Nyusi zikasema: shikilia hapohapo. Nikashikilia. Ndipo akawageukia watu, mara ya kwanza maishani mwake, akauimba wimbo mwenyewe kwa ile sauti ya mlango wa banda, juu ya dam yangu.

Watu wakacheka. Kisha, mke wangu aliyekaa safu ya tatu ndiye aliyenisimulia, unyusi wa kulia ukapanda, na wanawake ukumbini wakajikuta wanaimba. Ukapanda wa kushoto, wanaume wakaingia. Hakuna aliyewafundisha. Hata wale wa "analipwa kwa kusimama" walipaza sauti.

Mwishoni nyusi zote mbili zikapanda, ukumbi mzima ukanyamaza. Isipokuwa mimi. Nilikuwa nyuma yake, naona mgongo tu, kwa hiyo niliendelea kushikilia, machozi yakinitiririka.

Fundi akageuka taratibu.

"Arshavir jan," akasema, "tumemaliza."

"Wewe ndiye umemaliza, Fundi," nikamjibu. "Mimi ndiyo kwanza nimeuelewa wimbo wangu."