Breki ya mguuni siku ya arobaini

Nakiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Mitwero. Arobaini ya mke wangu ilipokaribia, nilisikia maalimu ataletwa na shemeji Shabani, mdogo wa marehemu, kwa pikipiki yake mpya ya otomatiki. Wivu ukanikaba. Mke alikuwa wangu, basi maalimu nimlete mimi! Nikaibadilisha skuta yangu kubwa kwa pikipiki kama ya Shabani, na asubuhi ya hitma nikamwahi maalimu, nikampakia.

Kwenda kulikuwa raha, haina gia za kubadili. Kazi ikawa kusimama. Kwenye skuta breki zote ni za mikononi, lakini hapa ya nyuma iko mguuni. Tulipofika nyumbani mkono wangu wa kushoto ukaminya hewa. Tukapita juu ya viatu vya watu, tukatua kwenye beseni la kachumbari.

"Kanyaga, shemeji, kanyaga!" Shabani alipiga kelele, nasi tumeshaanguka.

Maalimu akajipangusa nyanya kwenye kanzu. "Kwani skuta yako ilikuwa na kasoro gani?"

Hitma nzima ikanigeukia.

"Haikuwa na kasoro, maalimu. Sikutaka tu upakiwe na Shabani."