Kijiko na Punje Thelathini na Tatu

Mara ya kwanza kumwona Qali Olow ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa pili mwaka wa 1967, kwenye foleni ya maji. Wenzake walisimama na madebe yao kichwani au mkononi. Yeye alikuwa amelikalia lake, na mgongoni alimbeba mtoto aliyelala mdomo wazi. Foleni ikisogea, alilisukuma debe mbele kidogo, akalikalia tena. Koplo Gichuki alimwambia asimame kama watu. Akajibu kwamba atasimama zamu yake ikifika, maana kipande chake kina jina na alama ya kidole tu, miguu haikuandikwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Garissa mjini. Kilizungushiwa miiba na seng'enge, na lango lilikuwa moja. Wafugaji walikusanywa humo ili shifta, yaani waasi waliokuwa wakipigana na serikali, wasipate chakula wala habari kutoka kwao. Ngamia walibaki nje, wengine wakachukuliwa, wengine wakafa, na maziwa yakawa hadithi. Maji yaliletwa na lori kutoka mto Tana, yakamiminwa kwenye tangi la bati lililoinuliwa juu ya magogo, na mimi ndiye niliyekuwa mtunza tangi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne na sikuwa msemaji, na nadhani hilo la pili ndilo lililonipatia kazi. Ufunguo wa bomba niliuvaa shingoni. Nilifungua saa moja asubuhi, nikafunga saa mbili. Kila nyumba debe moja.

Wanaume wengine Qali aliwaita walaal, yaani ndugu. Mimi aliniita Mwenye Ufunguo, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutajia fisi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p akiitamka b na v akiitamka f. Hapa nayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa.

Mtoto aliyembeba alikuwa mjukuu wake, Dekow, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Tangu Jumapili alikuwa anaharisha maji matupu na kutapika. Mama yake, Shamso, alikuwa amejifungua mtoto mwingine siku tisa zilizopita. Kwa desturi yao mzazi hukaa ndani siku arobaini, kwa hiyo mzigo wa Dekow ulikuwa wa bibi.

Asubuhi ile Qali alijaza kopo kubwa, akamnywesha mtoto lote pale pale bombani bila kumpumzisha. Nilielewa alichokuwa anafanya. Mfugaji akifika kisimani humjaza mnyama tumbo lote, kwa kuwa hajui kisima kijacho ni lini. Bomba langu lilikuwa linafungwa, na kisima kijacho kilikuwa kesho. Lakini Dekow hakuwa ngamia. Kabla bibi yake hajageuka, maji yote yalitoka kwa mdomo na kumwagika karibu na viatu vyangu.

Qali aliitazama ile ardhi iliyolowa. Kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimemnywesha kama ngamia, naye ni mwana-mbuzi."

Jumanne alikuja dresa, kijana anayeitwa Korane, aliyepita kijijini mara moja kwa wiki na sanduku lake la dawa. Alimtazama Dekow macho yaliyokuwa yamezama, na ulimi mkavu. Akasema tumbo lipumzishwe. Asipewe kitu chochote, hata maji, hadi kesho asubuhi. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa, na wengi wakati ule walifundishwa hivyo.

Qali aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, kama anavyopima mbuzi mgonjwa. Ngozi ilibaki imesimama kama hema, ikarudi polepole. Akamwonyesha dresa. "Tangu jana adhuhuri hajakojoa," akasema. "Na akilia hana machozi. Kiriba kikivuja njiani, wewe unaacha kukijaza?"

Korane alisema mtoto si kiriba.

"Basi nenda ukawape viriba dawa, mimi niachie mtoto," akamwambia.

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, nikayasikia yote. Mwaka wa 1955, wakati wa vita vya Mau Mau kule Nyeri, sisi pia tulikuwa tumefungiwa ndani ya kijiji chenye handaki na uzio. Binti yangu Loise alishikwa na tumbo kama hilo. Tuliambiwa tusimpe maji, nami nikatii. Aliomba maji siku nzima, akiniita kwa jina. Mke wangu Mirriam aliponyanyuka kumpa, nilimshika mkono. Sitaandika zaidi ya hapo.

Qali hakwenda nyumbani. Vibanda vilikuwa vifupi na vya moto kama tanuri, na kivuli pekee cha maana kijijini kilikuwa chini ya tangi langu, mahali ambapo watu walikatazwa kukaa. Alitandika mkeka pale pale. Akaweka mafiga matatu, birika, na konzi ya mchele aliyopewa na jirani. Aliuchemsha mchele hadi ukavunjika, akachuja maji yake, akatia chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili, akaonja. "Isipite chumvi ya machozi," alisema. Yalipopoa alichukua fandhaal, kijiko chao cha mti, akampa Dekow kijiko kimoja.

Kisha akaanza tasbihi. Alivuta punje moja moja, midomo ikitaja jina la Mungu, hadi punje thelathini na tatu. Hapo ndipo alipompa kijiko cha pili. Punje nyingine thelathini na tatu, kijiko cha tatu. Mtoto alilia akitaka zaidi, akalivamia bakuli kwa mikono miwili. Qali alilisogeza mbali na kuendelea kuhesabu. Dekow akitapika, alimfuta mdomo, akazunguka tasbihi nzima, punje tisini na tisa, halafu akaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimewahi kuona watu wakifukua kisima kwa mikono. Sikuwahi kuona kazi ya subira kama ile.

Tatizo lilikuwa maji. Debe la nyumba yao, nyumba ya watu wanane, lilikwisha kabla ya adhuhuri, na bado kulikuwa na ya kuchemsha na ya kufulia nguo za mtoto. Qali aliinua macho, akaniuliza kama ufunguo wangu unalala mchana.

Bomba halikuruhusiwa kufunguliwa mchana. Lakini tangi la maji ya Tana hukusanya tope chini, na kwa ajili ya hilo kuna koki ndogo ya kulimwaga. Kazi hiyo niliifanya mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi. Nikainama, nikaifungua siku hiyo ya Jumanne. Kwanza lilitoka tope, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji safi. Nikaenda kusimama upande wa pili wa tangi na kuangalia uzio. Niliporudi koki ilikuwa imefungwa na birika lilikuwa linachemka. Hakunishukuru. Nilipenda hivyo.

Jioni, saa za amri ya kutotoka nje zilipofika, alimbeba mtoto, akarudi kibandani, na asubuhi mkeka ulikuwa umetandikwa tena. Alisema Dekow ametapika mara mbili tu tangu jioni. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Lakini mtoto hakuwa amekojoa bado, na hilo ndilo alilokuwa analisubiri. Mtoto akikojoa, aliniambia, ujue ndani ya kiriba kuna kitu kimebaki.

Nikafungua koki ya tope kwa mara ya pili.

Koplo Gichuki alikuwa mtu wa kwetu, na tulikula pamoja. Akiwa anakula hakuwa mtu mbaya. Akivaa kofia alibadilika. Jumatano mchana alipanda ngazi, akachovya ufito wa kupimia, akakuta maji yamepungua vidole vinne. Aliteremka na kuniuliza ni nani amechukua. Nikatazama viatu vyangu.

Akamgeukia Qali. Akamwambia kwamba hapa si hotelini, na akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kukaa na nani aliyempa maji.

Qali alikuwa katikati ya tasbihi. Alimwinulia kiganja, asubiri. Koplo akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Kiganja kilibaki pale pale hewani na vidole vya mkono mwingine vikaendelea kuvuta punje. Wanawake walikuwa wameanza kusogea kutoka vibandani. Sijui kwa nini Koplo alisubiri. Labda kwa sababu mtu akitaja jina la Mungu ni vigumu kumkatiza. Punje zilifika thelathini na tatu. Qali akampa mtoto kijiko, akahakikisha amemeza, ndipo akainua uso.

"Sasa sema, afande. Una muda mpaka kijiko kinachofuata."

"Nani amekupa maji?"

"Mungu, na mto, na lori. Katika hao watatu, wewe ulikuwa yupi?"

Wanawake walicheka. Koplo alilipiga birika teke. Maji ya mchele yakamwagika mchangani, yakanywewa na vumbi hata kabla ya mvuke kuisha. Kicheko kikakatika.

Qali hakulitazama birika. Alikuwa ameanza kuhesabu tena. Ndani ya bakuli palibaki maji ya vijiko viwili au vitatu hivi. Aliendelea hadi punje ya mwisho, akatoa kijiko, kisha akasema huku akimtazama mtoto, "Mwenye Ufunguo, birika limekuwa tupu."

Nilisikia jina langu likiitwa kwa sauti ndogo, na haikuwa sauti ya mtu yeyote aliyekuwa pale. Nikauvua ufunguo shingoni. Sikwenda kwenye koki ya tope. Nilikwenda kwenye bomba kubwa, saa sita na nusu mchana, nikalifungua lote mbele ya Koplo, na maji yakapiga ardhi kwa kishindo.

"Ndirangu, funga," Koplo akaniambia.

"Sifungi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

Wanawake walikuwa tayari wanakinga makopo. Koplo alishika bunduki yake, akaiachia, akaishika tena. Wakati huo huo Qali akatoa mlio ambao nilidhani ni kilio. Alikuwa amemwinua Dekow kwa kwapa. Doa lilikuwa linapanuka kwenye nguo yake mapajani, na mtoto alikuwa bado anakojoa, kidogo na kwa rangi ya kahawa, lakini anakojoa, moja kwa moja kuelekea buti za Koplo.

"Afande," Qali akasema, "si ulikuwa unatafuta maji? Haya hapa. Mtoto ameyarudisha."

Hata askari wa langoni alicheka, akageuza uso. Koplo aliondoka, kwa sababu hakukuwa na jambo lolote katika sheria zake la kufanya juu ya mkojo wa mtoto. Bomba lilibaki wazi hadi madebe yote yakajaa.

Alhamisi asubuhi ufunguo ulihamia shingo nyingine, nami nikaambiwa niondoke na lori la maji Ijumaa. Sikulalamika. Dekow alikuwa anakula uji na kumpiga paka kwa kijiko. Qali aliendelea kukaa chini ya tangi siku hizo mbili, ingawa sasa hakuwa na sababu tena. Walimwondoa, akarudi. Walimwondoa tena, akarudi na wenzake sita na mikeka yao.

Ijumaa nilikuwa nimeshapanda nyuma ya lori alipokuja, mtoto akiwa kiunoni mwake anatafuna kamba ya nguo. Alininyooshea kibuyu kidogo cha maji, kilichofukizwa moshi ndani kama wanavyofukiza vyombo vya maziwa. Dereva aliwasha injini. Qali akapaza sauti ili nisikie mimi, na nadhani pia ili asikie Koplo aliyesimama langoni.

"Kunywa kidogo kidogo, walaal. Wasituone tumekauka."