Gauni la Samaki Lenye Magoti

Kila mtindo unaoingia Bariadi mimi naupokea kwa mikono miwili, halafu naupeleka kwa fundi ukapunguzwe kiburi. Yalipokuja mablauzi ya mikono iliyovimba kama mito, nilishona, lakini mikono nikaikatia kwenye kiwiko, maana nauza duka la pembejeo na kila nikigeuka nilikuwa naangusha chupa za dawa ya pamba. Zilipokuja suruali pana za kuburuza chini, nikazipandisha juu ya kifundo, kwa sababu vumbi letu halina adabu. Na kila nguo yangu lazima iwe na mfuko. Wenzangu hunicheka: "Wewe nawe, gauni la harusini lina mfuko!" Chekeni tu. Simu niishike kwa meno?

Basi ilipofika zamu yangu ya kuagwa kwetu kabla ya ndoa, mshono uliokuwa unatamba mjini ni ule wa samaki: gauni linabana kuanzia kifuani mpaka chini ya magoti, halafu linaachia mkia. Niliupenda kufa. Mimi Mungu amenijalia nyonga, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nikasema hapa ndipo pangu, sendofu ni moja, na siku hiyo watanitazama wakitaka wasitake.

Tatizo lilikuwa bibi yangu wa Kasoli, mama yake baba, aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Kwetu mtoto wa kike humwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti. Kwa bibi huyu hata ukiwa na ndoo kichwani, unaitua kwanza, unapiga magoti, ndipo unaamkia. Sasa mwaka uliotangulia, kwenye sendofu ya binamu yangu, bibi aliwekwa kiti cha mbele alishwe keki. Binamu akaja na samaki wake, akajaribu kushuka. Wapi! Nguo ikamgomea. Akashika meza, akainama kidogo, akamnyooshea bibi kipande kwa juu. Bibi akafunga mdomo. Akachukua mkoba wake, akatoka ukumbini mbele ya wageni wote, na binamu akabaki na keki mkononi.

Nilipokwenda Kasoli kumwalika nilimkuta uani anapepeta choroko. Nikapiga magoti, tukaamkiana, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe. Kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Umeshona?"

"Kitambaa kiko kwa fundi, bibi."

"Lile la kubana?"

"Ndiyo, lile."

Akapuliza makapi. "Basi mkale keki yenu. Mimi siji kusimamiwa kichwani na mtoto niliyembeba mgongoni."

Nilirudi mjini nimenuna mpaka mdomo unauma. Nilipowaambia watu wa nyumbani, kila mmoja akawa mshauri. Vaa dera. Vaa kitenge cha heshima, yaishe. Nikawauliza, nani aliyewaambia heshima haina kiuno? Wakasema nina kichwa kigumu, na kweli ninacho. Lakini moyoni niliogopa. Yule bibi ndiye aliyekuwa wa kuniaga. Wengine wote, pamoja na kamati na vinywaji vyao, walikuwa wageni wa pilau. Kiti chake kikikaa kitupu, mimi nitaondoka kwetu bila kuagwa.

Fundi wangu ni mzee mmoja mtaratibu, asili yake Tabora, ana cherehani mbili barazani karibu na soko. Siku ya kujaribisha nikaingia nyuma ya pazia nikalivaa. Satini ya rangi ya zambarau, shanga kuanzia kiunoni mpaka chini. Nilipojitazama kwenye kioo nikapiga kelele mwenyewe. "Mashallah," akasema fundi. Mteja mmoja, mama aliyeleta sketi ya kupunguza, akanizunguka mara mbili akitikisa kichwa.

"Ngoja kwanza," nikasema, "nipige magoti."

Goti la kwanza halikupata njia, la pili likalifuata la kwanza, nikaenda chini mzima mzima kama robota la pamba linaloshushwa kwenye lori. Nikalala ubavu juu ya vipande vya vitambaa, miguu imeshikana, siwezi kuinuka. Yule mama akasema "Pole, mayu, pole mama," huku anafuta machozi ya kicheko. Fundi yeye alikuwa analilia jambo lingine kabisa: "Zipu! Jamani, zipu!"

Waliponiinua, fundi akanishauri kwa upole kwamba labda dera. Nikamjia juu. "Mzee wangu, kama ni dera ningekuja kwako kufanya nini? Lete mkasi."

Nilimwonyesha kwa chaki. Nyuma, kuanzia juu kidogo ya magoti kushuka chini, afumue mshono, atie marinda ya satini ileile, yakunjwe yalale ndani. Nikisimama yafunge, nikishuka yafunguke. Na shanga zote za magotini zitoke, maana nani atapiga magoti juu ya kokoto alizozishona mwenyewe?

"Binti, utamharibu samaki," akanung'unika.

"Samaki wa Bariadi ana magoti, mzee. Shona."

Akashona, na mfuko akauficha ubavuni bila hata kukumbushwa. Nyumbani nikafanya mazoezi sebuleni kama askari wa gwaride, chini, juu, chini, juu, mpaka nikaacha kuyumba.

Siku yenyewe, ukumbi ulijaa na kiti cha mbele kikawa kitupu. Nilikaa pale jukwaani nikitabasamu kwa meno tu. Chakula kilikuwa kimeanza kugawiwa nilipomwona bibi. Baba alikuwa amemfuata mwenyewe Kasoli, akamsihi mpaka akakubali, lakini alikataa kuja mbele. Akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani, kanga haijavuliwa mabegani. Mtu wa kuondoka.

MC akatangaza keki. Nikachukua kisahani, nikashuka jukwaani, nikapita meza zote mpaka kule mlangoni. Ukumbi wote ukageuza shingo, maana ya binamu hakuna aliyekuwa ameyasahau. Bibi hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu.

Nikashuka. Marinda yakafunguka yenyewe, magoti yote mawili yakagusa sakafu, mgongo ukiwa umenyooka. "Mwadila, bibi," nikamwamkia kwa kilugha chetu. Akaitika. Akafungua mdomo nikamlisha, akatafuna taratibu mpaka akamaliza, huku ameweka kiganja juu ya kichwa changu. Vigelegele vikapasuka, nami machozi yakaanza kuninyima kuona. Nikabaki palepale chini, nisijue kama nimesamehewa gauni au nimesamehewa tu kwa kuwa ni mjukuu.

MC alikuwa amekuja na kipaza sauti chake karibu, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia bibi.

"Inuka basi," bibi akasema. "Inuka uzunguke, nilione hilo gauni."